Kufufua kipimatetemeko cha zamani bila kukiua mezani

Kutoka Kolwezi, Likasi na Dilolo swali linakuja lile lile, hata kama waulizaji hawafahamiani. Fundi redio amepewa kopo zito la chuma lenye nyaya mbili. Mwanafunzi wa jiolojia ameonyeshwa sanduku la kijivu lililosahaulika kwenye depo. Mwalimu ameambiwa kwamba mashine iliyo kwenye stoo ya shule ilikuwa ya "kupima ardhi". Wote wanataka kujua kama kipimatetemeko cha zamani kinaweza kufanya kazi tena, na waanzie wapi.

Mara nyingi kinaweza. Kifaa hiki hakina mengi ya kufa ndani yake: kuna uzito unaoning'inia kwenye springi, koili ya waya mwembamba, na sumaku. Ardhi ikitikisika, sanduku linakwenda nayo, uzito unachelewa, na koili inatoa umeme kidogo. Hakihitaji betri wala taa. Vingi vilivyoharibika kabisa havikuuawa na miaka. Viliuawa mezani na mtu aliyeshika bisibisi kabla ya kushika kalamu.

Kabla ya yote: ni mali ya nani?

Lualaba, mkoa wa Kolwezi na Dilolo, ni nchi ya migodi, na kifaa cha kisayansi kilichotoka mgodini bila karatasi kinaweza kumletea mtu matatizo makubwa kuliko faida yake. Omba karatasi ya mauzo au barua ya zawadi yenye jina la kifaa na namba yake. Kama kimetoka kwenye lundo la vyuma chakavu, muuzaji aandike na kutia sahihi.

Kwa wakazi wa Dilolo kuna neno la ziada. Mji uko mpakani, Angola iko ng'ambo tu. Mtu anayechimba shimo uani, akazika sanduku la chuma, akavuta waya na kusimamisha antena ndogo, ataulizwa maswali, na ni haki aulizwe. Mweleze mkuu wa kartie mapema, mwonyeshe kifaa, mwachie barua.

Kitambue kwanza

Tafuta kibao cha jina, ukipige picha, uandike kila herufi na namba. Kisha pima kifaa kwa kilo na usome ukinzani wa koili kwa multimita, uzito ukiwa umefungwa kwa kufuli lake kama lipo. Umeme mdogo wa multimita unatosha kuurusha uzito ulio huru.

Vinavyoweza kukutwa katika ukanda wetu ni hivi:

- Jiofoni. Kidogo, kinashikika kwa mkono mmoja, mara nyingi kina mwiba wa kuchomeka ardhini. Kilikuja na watafuta madini. Aina ya hezi 4.5 ina koili ya omu mia tatu na kitu.
- Mark Products L-4C. Silinda ya chuma yenye uzito wa ndani wa karibu kilo 1, hezi 1, koili ya omu 5500. Haina kufuli la uzito.
- Geotech S-13. Ina uzito wa ndani wa kilo 5 na koili mbili: kubwa ya omu 3600, na ndogo ya kusahihishia yenye omu chache.
- Willmore. Kilibuniwa na Mwingereza Patrick Willmore na kutengenezwa na Hilger & Watts. Kina skrubu za kufunga uzito na za kurekebisha.
- Sprengnether MEQ-800. Hii ni mashine ya kurekodia: sanduku lenye ngoma inayozungushwa na kalamu inayokwaruza karatasi iliyopakwa masizi.

Vile vikubwa vya vituo vya kudumu ni habari nyingine. Katika mtandao wa dunia wa vituo vya matetemeko ulioanzishwa na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambao Nairobi, Addis Ababa na Bulawayo zilikuwa na vituo vyake, kila kifaa cha Benioff kilikuwa na uzito wa ndani wa kilo 107.5. Ukikutana na kitu cha namna hiyo usikiinue wala usikifungue. Ita watu wa makumbusho au wa chuo kikuu, kwa sababu thamani yake ya kihistoria imeshapita thamani ya matengenezo yoyote ya nyumbani.

Jaribio la kwanza halihitaji bisibisi

Fungua kufuli la uzito polepole, kama lipo. Inua kifaa kikiwa wima, kiyumbishe kidogo sana, usikie kwa mkono jinsi uzito unavyocheza ndani. Sasa gusanisha ncha mbili za waya wa koili, urudie. Kama koili ni nzima na sumaku bado ina nguvu, uzito utakuwa mzito mkononi kama uliozama kwenye asali. Ukitenganisha ncha, unacheza tena.

Jaribio hili la nusu dakika linajibu maswali matatu: waya haujakatika, sumaku haijafa, uzito haujakwama. Kifaa kinacholipita hakihitaji kufunguliwa ndani. Kinahitaji kusafishwa nje, kubadilishiwa mipira ya kuzuia maji na kuwekewa waya mpya. Wengi hawaamini na wanafungua hata hivyo, "kuangalia tu". Wasifanye hivyo.

Kumbuka pia njia hii unaposafirisha. Kifaa kisicho na kufuli, kama L-4C, huunganishwa ncha zake mbili kabla ya kupanda gari. Barabara ya Kolwezi kwenda Dilolo haina huruma kwa springi.

Kikishindwa jaribio

Hapa lazima kufungua, na hapa ndipo makosa makubwa hutokea. Tandika kitambaa cheupe mezani, funga dirisha ili vumbi jekundu lisiingie, piga picha kila hatua, na weka kila skrubu kwenye karatasi yenye namba.

*Usitoe sumaku.* Vifaa vya zamani vingi vina sumaku ya alniko. Sumaku hiyo ilitiwa nguvu ikiwa tayari ndani ya chuma chake, na ukiichomoa inapoteza sehemu ya nguvu palepale. Ukiirudisha, nguvu hairudi. Kifaa kitaonekana kizima lakini kitakuwa kimepungua usikivu kwa maisha yake yote. Toa koili, toa uzito, toa springi ukilazimika, lakini sumaku na vyuma vinavyoishika viache vilivyo.

*Usipulize.* Pengo ambamo koili inapita ni jembamba, na chembe za chuma huvutwa humo. Pumzi au kompresa inazisukuma ndani zaidi. Zungushia ukanda mwembamba wa karatasi ngumu gundi ya selotepu, upande wenye kunata nje, uupitishe pengoni taratibu, uutoe, ubadilishe, urudie mpaka utoke safi. Kazi hii inaweza kula mchana mzima. Tumia koleo na bisibisi za shaba au za plastiki karibu na sumaku; bisibisi ya chuma huvutwa ghafla na kutoboa koili.

*Usitie mafuta.* Fundi wa pikipiki au wa cherehani ana mazoea ya kutia mafuta kila kinachocheza. Kipimatetemeko hakina mahali pa kuyapokea. Uzito unashikwa na mabati membamba yanayopinda, hakuna kinachosuguana. Mafuta yatakusanya vumbi na kuganda.

*Usioshe kwa petroli.* Inaweza kula vanishi ya koili. Tumia alkoholi safi isiyo na rangi, kwa pamba iliyoloweshwa kidogo.

Angalia wadudu. Utando wa buibui kati ya uzito na ukuta wa sanduku unatosha kuharibu rekodi, na nyigu wanapenda kujenga kwa udongo kwenye kila tundu la waya. Mzee huyu wa chuma aliyekaa stoo miaka mingi huenda ugonjwa wake wote ni huo.

Koili iliyokatika

Multimita isipoonyesha chochote, usifikirie mara moja kusuka koili upya. Waya wake ni mwembamba kuliko unywele, na mizunguko ni maelfu. Mara nyingi umekatika mahali pamoja: pale unapotoka kwenye koili kwenda kwenye kichwa cha kuunganishia, ambapo unyevu umeufanya kijani. Tumia lenzi.

1. Safisha kijani kwa alkoholi.
2. Kwangua vanishi ya ncha kwa wembe, kidogo sana, bila kuvuta.
3. Lehemu kwa pasi ya ncha nyembamba na risasi yenye utomvu ndani yake. Ile asidi ya kulehemia mabati na ndoo ni marufuku. Itaendelea kula waya hata baada ya kazi kuisha.
4. Acha waya ulegee kidogo ili usivutwe uzito unapocheza.

Waya ukiwa umekatika katikati ya koili, mkweli atakwambia utafute koili nyingine kutoka kifaa kingine kibovu cha aina ileile. Kusuka upya kunawezekana kwa mtu mwenye mashine ya kusukia na subira, lakini idadi ya mizunguko ikibadilika, namba zilizoandikwa kibaoni hazina maana tena.

Kupima kama kimepona

Weka kifaa mahali tambarare, kipimamaji kikiwa katikati. Ncha za koili ziwe wazi. Usukume uzito kidogo mno, uhesabu mizunguko 20 ya kwenda na kurudi kwa saa ya simu, ugawanye kwa 20. Hicho ndicho kipindi chake. Cha L-4C ni karibu sekunde 1, lakini yenyewe hutulia baada ya mizunguko michache hata ikiwa nzima, kwa hiyo mizunguko 20 haitahesabika. Kwa S-13 au Willmore, uzito ukisimama haraka baada ya mizunguko michache huku ncha ziko wazi, kuna kitu kinagusa: rudi pengoni.

Halafu fanya uzito usiendelee kuyumba peke yake baada ya ardhi kutulia. Hili linafanywa kwa rezista iliyounganishwa sambamba na koili. Anza na kubwa, ushuke. Alama ya kutafuta ni hii: uzito ukiachiliwa kutoka pembeni urudi, upitilize katikati kwa kama sehemu moja ya ishirini ya umbali uliouachilia, kisha utulie. Kwa L-4C rezista ya karibu kiloomu 9 inafikisha hapo. Kuacha hatua hii ni kosa la kawaida kabisa kwa wanaoanza. Rekodi yao inaonyesha kila lori likipita kama tetemeko lisiloisha.

Kurekodi: ngoma ya masizi au kompyuta?

Ngoma ya MEQ-800 inapendeza na kwa maonyesho ya shule haina mpinzani. Karatasi inapakwa masizi ya taa ya mafuta, kalamu inakwaruza, kisha karatasi inalowekwa vanishi ili masizi yasitoke. Fanya kazi hiyo nje, mbali na watoto, kwa sababu moshi na vanishi ni hatari kwa mapafu na kwa moto. Kwa kazi ya kila siku, tumia kompyuta.

Kipande kinachobadilisha umeme wa koili kuwa namba kinaweza kuwa cha bei ndogo. HX711, ambayo imo ndani ya mizani nyingi za kielektroniki, ina biti 24 na inasoma hadi mara 80 kwa sekunde, inatosha kwa kuanzia. Tahadhari moja: ingizo lake halisomi vizuri karibu na volti sifuri, kwa hiyo koili iinuliwe hadi katikati ya volti za betri kwa rezista mbili zinazolingana. Mwenye fedha zaidi atumie kibadilishi kilichotengenezwa kwa kazi hii. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inahifadhi data, na programu ya jAmaSeis, iliyotengenezwa kwa ajili ya shule, inapatikana bure.

Umeme: usitegemee shirika la umeme, SNEL, peke yake. Betri ya volti 12 na paneli ndogo ya sola vinatosha. Transfoma na chaja vikae mita kadhaa mbali na koili.

Mahali pa kukiweka

Sehemu kubwa ya Dilolo imekaa juu ya mchanga wa Kalahari. Mchanga laini unatikisika kwa kila hatua ya mbuzi, basi chimba mpaka ufike udongo mgumu au mwamba. Mita moja ni bora kuliko nusu, na mbili ni bora kuliko moja kama maji hayaingii. Mimina bamba la zege lisiloguswa na ukuta wa nyumba wala mizizi ya mti. Mwembe mkubwa unapoyumba na upepo unaitikisa ardhi yote iliyoshikwa na mizizi yake, na rekodi itaonyesha upepo tu.

- Kaa mbali na reli na barabara ya malori kadiri uwanja unavyoruhusu.
- Zege likauke wiki kadhaa kabla ya kuweka kifaa. Zege bichi linatoa unyevu na linasinyaa.
- Funika kwa pipa la plastiki lililogeuzwa, uzungushie magodoro ya povu kuzuia joto na baridi.
- Weka silika jeli ndani. Ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni kwa joto kidogo juu ya nyuzi 100, uirudishe.
- Maliza yote haya kabla ya Oktoba, mvua zinapoanza.

Radi ni adui anayeheshimiwa katika nchi hii. Kabare, huko Kivu Kusini, ilipimwa kwa setilaiti kuwa na radi nyingi kuliko mahali pengine popote Afrika, na kituo kikongwe cha matetemeko cha Lwiro kiko humo humo Kabare. Waya mrefu kutoka shimoni hadi nyumbani ni mwaliko kwa radi. Ufupishe, utie kizuia radi pande zote mbili, na mawingu yakijikusanya uchomoe.

Saa ndiyo nusu ya kazi

Rekodi isiyo na saa sahihi haimsaidii mtu yeyote. Tumia kipokezi cha GPS na uandike kwa saa za UTC. Lualaba iko mbele ya UTC kwa saa 2, Kinshasa kwa saa 1, na mkanganyiko huo umewafanya wengi waamini kwamba kifaa chao ni kibovu. Tetemeko la Ziwa Tanganyika la tarehe 5 Desemba 2005, lenye ukubwa wa 6.8, lilitokea saa 12:19 za UTC. Kwenye saa ya ukutani Kolwezi ilikuwa 14:19, na Kinshasa 13:19. Mtu anayelinganisha rekodi yake na orodha ya kimataifa akiwa amekosea saa moja hatalikuta kamwe.

Ni tetemeko au ni mgodi?

Hii ni pingamizi ya haki kabisa: "Hapa kwetu wanalipua kila siku, nitajuaje?" Dalili ni kadhaa. Milipuko ya migodi inakuja mchana, mara nyingi saa zinazojirudia. Wimbi lao la kwanza ni kali na la pili ni hafifu. Tetemeko la kweli kwa kawaida lina wimbi la pili kubwa zaidi.

Umbali nao unasema. Chukua sekunde zilizopita kati ya wimbi la kwanza na la pili, zidisha kwa 8, upate kilomita. Dilolo iko kama kilomita 340 kutoka Kolwezi kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo mlipuko mkubwa wa Kolwezi, ukisikika, utaonyesha tofauti ya sekunde 40 na kitu. Tofauti ya sekunde 3 ni kitu kilicho jirani yako, huenda ni machimbo ya mawe. Usiidharau milipuko: ni jaribio la bure la kila siku kujua kama kifaa bado kinasikia.

Mashaka mengine yanayoletwa

*"Simu yangu ina kipima mtikisiko, kwa nini nisumbuke?"* Simu inasikia mtikisiko ambao wewe mwenyewe unausikia miguuni. Jiofoni nzuri inasikia mengi ambayo mtu hayasikii.

*"Si bora ninunue kipya?"* Kama una mia kadhaa za dola, vipo vidogo vinavyouzwa tayari kwa kuchomekwa, kama Raspberry Shake inayotumia jiofoni ya hezi 4.5. Vya kitaalamu ni maelfu ya dola. L-4C iliyosafishwa vizuri bado inaheshimiwa na wataalamu.

*"Changu hakitengenezeki."* Jenga. Mwaka 1979 jarida la Scientific American lilieleza kifaa cha James Lehman, mkono wa chuma unaoning'inia kama lango la bustani, wenye sumaku na koili. Fundi wa kuchomelea wa Kolwezi ana kila kitu kinachohitajika, na koili na sumaku ya kifaa chako kilichokufa, ikiwa bado ndani ya vyuma vinavyoishika, zitapata kazi humo.

*"Kitanionya kabla ya tetemeko?"* Hapana. Hakuna kifaa duniani kinachofanya hivyo. Usitangaze kamwe utabiri, hata kwa jirani. Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka na ardhi kuendelea kutikisika, watu wapatao 400,000 walihamishwa Goma. Katika hali kama hiyo mamlaka hutegemea wataalamu wa kituo cha volkano, na uvumi wa mtu mmoja mwenye mashine unaweza kuua.

Karatasi zilizo ndani ya sanduku

Neno la mwisho ni kwa yule aliyefungua sanduku akakuta, chini ya kifaa, karatasi nyeusi za masizi, roli za karatasi za picha, au daftari la saa na tarehe. Tangu miaka ya 1950, watafiti wa taasisi ya utafiti ya IRSAC huko Lwiro, akina Jean-Claude De Bremaecker, walikuwa wakirekodi matetemeko ya bonde la ufa, na nakala za rekodi za aina hiyo ni chache kila mahali. Kifaa kinaweza kununuliwa kingine, lakini tetemeko lililopita halirekodiwi mara ya pili. Tafadhali usizikunje, usizifute masizi, usiwashie moto. Zifunge kavu kwenye karatasi safi, andika ulikozikuta, na uzipeleke idara ya jiolojia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi au kwa watafiti wa kituo cha utafiti cha CRSN-Lwiro.